Tuachieni Njia ya Vumbi

Kuna sentensi moja ambayo nimeisikia darasani, kwenye basi, kanisani na nyumbani kwetu Rubavu, na kila mara husemwa kana kwamba haihitaji ushahidi: lami ikifika, maendeleo yamefika. Ninaipinga sentensi hiyo. Siipingi lami yenyewe, maana bila lami nisingefika chuoni kwa siku moja. Ninachopinga ni fikra iliyojificha nyuma yake, kwamba kila njia ya nchi hii iko safarini kuwa barabara ya magari, na kwamba njia ambayo gari halipiti ni njia ambayo haijamalizika. Zipo njia ambazo zilimalizika zamani, siku watu walipozizoea kwa miguu yao, na anayezimwagia lami anazifuta.

Mfano wangu ni mmoja tu, kwa sababu ndio ninaoujua kwa magoti yangu mwenyewe: njia ya Kongo-Nili, inayoambaa Ziwa Kivu kutoka Rubavu kaskazini hadi Rusizi kusini, kilomita 227.

Wasomaji wa Burundi, Uganda, Kongo, Tanzania na Kenya ambao hawajafika kwetu wanahitaji maelezo kidogo. Magharibi mwa Rwanda kuna mgongo mrefu wa milima unaogawa maji ya Afrika. Mvua ikinyesha upande wa mashariki wa mgongo huo, maji yake huingia Nyabarongo, kisha Akagera, kisha Ziwa Viktoria, na mwisho huwa Nili. Ikinyesha upande wa magharibi, maji huteremka Ziwa Kivu, hutoka kwa mto Rusizi hadi Ziwa Tanganyika, na kutoka huko hupitia mto Lukuga kwenda mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Mama aliyejenga juu kabisa ya mgongo anaweza kumwaga maji ya vyombo kwa mlango wa mbele yakaelekea Misri, na kwa mlango wa nyuma yakaelekea Atlantiki. Njia imechukua jina lake hapo, ingawa yenyewe haipandi hadi kileleni. Hubaki ubavuni mwa milima, juu ya maji, ikipanda kila rasi na kushuka kila ghuba. Ziwa liko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari na milima huanza pale pale maji yanapoishia, kwa hiyo anayesikia "kando ya ziwa" asidhani ni tambarare. Hakuna tambarare. Atembeaye kwa miguu huhesabu siku kama 10, mwenye baiskeli na mapafu ya kawaida siku 5, na katika hizo 5 sehemu kubwa ataikokota baiskeli badala ya kuipanda.

Kwenye vipande ambavyo bado ni vya udongo, hasa kati ya Rubavu na Karongi, hakuna gari. Nataka msomaji alielewe jambo hili kama anavyolielewa mtu aliye juu ya baiskeli. Kwenye barabara ya magari masikio yako yote yako nyuma. Unasikiliza lori kabla hujaliona, unakadiria upana wake, unajibana ukingoni, mabega yanakakamaa. Kilomita zote unazopita zinakuwa kilomita moja ndefu ya hofu. Pale magari yasipokuwepo, masikio yanarudi mbele. Unasikia maji ya kijito kabla ya kukiona kidaraja chake cha magogo. Unasikia mashine ya kumenya kahawa huko Kinunu kabla ya kufika. Watoto wanakukimbilia mlimani, wanakupita wakicheka kwa sababu wewe unahema na wao hawahemi, kisha mmoja anashika keria na kukusukuma bila kuombwa. Jioni unaona mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja, miti mirefu imechomoza mbele na nyuma kama pembe, ikitoka kuvua sambaza huku wavuvi wakiimba ili makasia yaende pamoja. Asubuhi unawakuta sambaza wale wale sokoni, wameanikwa.

Hayo yote yapo pia ukipita na basi. Yapo nje ya dirisha.

Sasa tazama kilichotokea. Tangu miaka ya 2010 imejengwa barabara ya lami ya ukanda wa Kivu, inayounganisha Rusizi, Nyamasheke, Karongi, Rutsiro na Rubavu. Ni barabara nzuri, na aliyewahi kusafiri huko kabla yake hawezi kuibeza. Mgonjwa anafika hospitali mapema na mvuvi anafikisha samaki wake sokoni kabla hawajaharibika. Lakini kusini mwa Karongi, kwa sehemu kubwa, lami ile ililazwa juu ya njia ile ile ambayo watembeaji na wenye baiskeli walikuwa wameahidiwa. Ndiyo maana waongozaji wengi siku hizi huwapeleka wageni kutoka Rubavu hadi Karongi tu, kisha huwapakia garini. Kwenye ramani njia bado ni kilomita 227. Kwenye ardhi imekatwa karibu nusu, na sikumbuki kusikia mtu yeyote akililia jambo hilo kwa sauti.

Mhandisi aliyechora barabara ile hakuwa mwovu. Alikuwa na njia iliyopo tayari na mlima mkali pande zote mbili, na njia rahisi ya kupata barabara mpya ni kupanua ya zamani. Swali langu ni kwa nini, pamoja na gharama yote ya kuchonga milima ile, hazikutengwa mita mbili pembeni, au kwa nini zile kona za zamani zilizoachwa barabara iliponyooshwa hazikuunganishwa kuwa njia ya miguu na baiskeli. Kona hizo zipo. Ukipita utaziona, zimeota nyasi, mbuzi wamefungwa humo. Kuziunganisha kunahitaji majembe na vidaraja. Hakuhitaji mkopo wa benki ya dunia.

Mwenzangu mmoja darasani aliposikia hoja hii alinijibu kwamba baiskeli ya matembezi ni mchezo wa Wazungu, na kwamba mimi, binti wa mkulima, nimeambukizwa. Jibu lake nimelisikia kwa watu wengi mno, kwa hiyo sitalipita haraka.

Kwanza, nani anapanda baiskeli Rwanda? Kwa kila mgeni mwenye kofia ya plastiki na chupa ya maji kiunoni, kuna wanaume wengi wenye madebe ya maziwa, mikungu ya ndizi, magunia ya viazi, makaa na matofali. Kwetu Rubavu, hatua chache kutoka mpakani, tunaishi karibu na chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo watu wa Kivu waliitengeneza wenyewe ili kubeba mizigo, na ambayo Goma wameijengea sanamu. Mwaka 2005 Mmarekani Tom Ritchey, fundi wa baiskeli anayejulikana duniani, alifika Rwanda, na kilichotokana na safari hiyo ni pamoja na baiskeli ndefu za mizigo kwa ajili ya wakulima wa kahawa, kwa sababu matunda ya kahawa yakichelewa kufika kwenye kituo cha kuoshea yanaanza kuchacha na bei inashuka. Mgeni alitukuta tayari juu ya baiskeli, tumebeba.

Pili, nani anaumia? Mjomba wangu alibeba maziwa kwa miaka 11 kutoka milimani hadi mjini. Alikuwa na baiskeli nyeusi ya chuma, nzito, isiyo na gia, na breki za mbele alizoziongezea vipande vya tairi kuukuu. Kwa miaka 8 alipita njia ya udongo. Alianguka mara nyingi, akamwaga maziwa, akachubuka, akainuka. Barabara mpya ilipofunguliwa alifurahi kuliko sote, kwa sababu mteremko ulikuwa laini na safari ilipungua karibu nusu. Mwaka wa tatu, kwenye kona, lori lililokuwa likishuka nyuma yake lilimsukumia kwenye mtaro wa mawe. Dereva hakusimama. Mguu wa kulia ulivunjika mahali pawili, na leo mjomba anauza muda wa maongezi ya simu kwenye kibanda, akiwa amekaa. Simlaumu aliyejenga lami. Ninachosema ni kwamba aliyejenga lami alikuwa na watu wawili akilini, dereva na abiria, wakati mjomba wangu alikuwa pale pale miaka yote, anaonekana, na hakuhesabiwa.

Kwa hiyo njia isiyo na magari si anasa ya mgeni. Mgeni ataipita mara moja maishani. Muuza maziwa ataipita mara mbili kwa siku. Tukiilinda kwa jina la utalii, sawa, utalii una fedha na hoja ya fedha husikika. Lakini tusidanganyike kwamba wageni ndio wenye haja nayo zaidi.

Na kuna jambo la wasichana, ambalo nitalitaja kwa ufupi kwa sababu wenzangu wa kike wanalijua bila kuelezwa. Nilijifunza baiskeli nikiwa na miaka 19. Kaka zangu walijifunza wakiwa na miaka 7. Bibi yangu alikuwa akisema msichana akipanda baiskeli anajiaibisha, na ingawa leo tunamshangilia Diane Ingabire akipeperusha bendera ya Rwanda kwenye mashindano, mitaani bado ukipita na baiskeli utasikia maneno. Nilijifunza kwenye njia ya udongo juu ya ziwa kwa sababu huko hakukuwa na dereva wa kunipigia honi wala kijana wa kwenye gari wa kunipigia mluzi. Barabarani nisingejaribu.

Nimesema njia hii ina historia, na hapa ndipo ninapowageukia wahadhiri wetu, kwa heshima zote, kwa sababu wao ndio wanaotupeleka kwenye ziara za masomo. Tunakwenda kwa basi. Tunashuka, tunasikiliza dakika 40, tunapiga picha, tunapanda, tunalala. Siku ya tatu nikiulizwa nilichokiona huwa nakumbuka viti.

Fikiria Shangi, kule Nyamasheke. Mwaka 1896, mwaka mmoja baada ya Mfalme Rwabugiri kufariki akiwa katika msafara wa vita wa kuelekea Bushi, jeshi la Rwanda lilipigana hapo na askari wa Dola Huru ya Kongo waliokuwa na bunduki, likashindwa. Darasani hilo ni jina na tarehe. Lakini ukifika Shangi kwa nguvu za miguu yako, ukitokea ziwani, unaelewa kwa mwili kwa nini anayetaka kuitawala kona ile ya ziwa huanza kwa kukalia kilima kile. Unaona maji pande zaidi ya moja. Unaona ng'ambo. Au fikiria Mibirizi, Rusizi, misheni iliyoanzishwa mwaka 1903, ambako mwaka uliofuata wamisionari walipanda kahawa ya kwanza ya Rwanda. Hadi leo kuna aina ya mbuni inayoitwa Mibirizi. Kila mlima unaoupanda ukitoka Rubavu una mibuni. Ukimaliza safari yako Mibirizi umekwenda kinyume cha historia ya kahawa, kutoka kwenye matawi hadi kwenye shina, na hakuna slaidi ya mwalimu inayoweza kufanya hivyo.

Kisha Bisesero.

Najua wapo watakaosema si heshima kufika Bisesero kwa baiskeli. Nimelifikiria jambo hili sana, na ndilo ninalolichukulia kwa uzito zaidi katika insha nzima, kwa hiyo niruhusuni nilieleze polepole. Wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, maelfu ya watu wa eneo la Kibuye walikimbilia milima ya Bisesero na kujikusanya hasa kwenye kilima cha Muyira. Wakiongozwa na mzee Aminadabu Birara na wengine, walipigana kwa mawe, mikuki na fimbo dhidi ya watu wenye bunduki na magruneti. Walishikilia kwa wiki nyingi. Tarehe 27 Juni wanajeshi wa Ufaransa walifika kwa magari, wakawakuta manusura, wakaondoka. Walirudi tarehe 30, na katika siku hizo tatu wengi waliuawa. Leo ukumbusho wa Bisesero una nyumba ndogo 9, kwa ajili ya tarafa 9 za mkoa wa Kibuye wa wakati ule, zimepangwa zikipanda mlima kwa njia inayojipinda, na mlangoni pana mikuki 9 iliyochomekwa kwenye mawe. Mwaka 2023 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia pamoja na Nyamata, Murambi na Gisozi.

Waliochora ukumbusho ule walitaka mgeni apande. Walijua wanachofanya. Huwezi kuelewa Bisesero bila kuelewa mlima: kwamba waliokuwa juu waliwaona washambuliaji wakija, kwamba jiwe linaloteremshwa lina nguvu kuliko jiwe linalorushwa kwenda juu, kwamba anayekimbia mlimani huko, mwenye njaa, siku baada ya siku, anaishiwa na nini. Basi linapofika hadi mlangoni tunaanza kupanda tukiwa tumepumzika na tumekula biskuti. Mwanafunzi aliyetoka ziwani, akapita Gishyita, akaikokota baiskeli yake kwa saa kadhaa kwenye mwinuko ule, anafika kimya. Nimeona kimya hicho kwa watu sita niliokwenda nao, na hakuna aliyetuagiza tunyamaze. Baiskeli tuliziacha mbali na lango, tukanawa nyuso, tukavaa mashati yenye mikono. Heshima ni jambo linalowezekana kupangwa.

Nirudi kwenye fedha, maana najua ndiko mjadala utakakokimbilia. Inasemwa kwamba njia za baiskeli zisizo na magari ni mambo ya Ulaya, kwa sababu Ulaya kuna fedha. Tazama zilivyoanza. Kati ya Bristol na Bath, Uingereza, kulikuwa na reli iliyofungwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1979 watu wa kujitolea wakaanza kuigeuza kuwa njia ya baiskeli, kwa koleo na toroli, na kufikia 1986 walikuwa wamekamilisha kilomita kama 21. Mtandao wa njia za baiskeli wa nchi ile ulikua kutoka hapo. Huko Andalusia, Hispania, kati ya Olvera na Puerto Serrano, kuna njia ya kilomita 36 yenye mahandaki 30 na madaraja makubwa 4, iliyojengwa kwa ajili ya treni ambayo haikupita hata siku moja. Kwa miaka mingi lilikuwa kovu mlimani. Leo watu hupita humo kwa baiskeli, na vituo vya treni iliyokosekana vimekuwa mahali pa kula na kulala. Wenzetu wa Uganda wana reli ya Kampala hadi Kasese, iliyofika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na ambayo kwa miongo imelala chini ya majani. Sina haki ya kuwaambia la kufanya nayo, lakini kama ningezaliwa Fort Portal ningekuwa na insha nyingine.

Sisi Rwanda hatukuwahi kuwa na reli. Hatuna mahandaki ya kurithi. Tulicho nacho ni njia za miguu za mababu na barabara za udongo za vijijini, na umuganda. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi taifa zima linashika majembe. Anayeniambia kwamba nchi inayoweza kufanya umuganda haiwezi kutunza njia ya udongo yenye upana wa mita mbili kando ya ziwa, anaitukana nchi hii kuliko mimi ninayelalamika.

Na tusijifanye hatujui kuzuia magari. Septemba 2025, kuanzia tarehe 21 hadi 28, Kigali ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Shule za jiji zilifungwa. Wafanyakazi wa serikali waliambiwa wafanyie kazi nyumbani. Barabara kubwa zilifungwa ili wanaume waende zaidi ya kilomita 260 kuzunguka milima ya jiji, hadi Tadej Pogačar akashinda. Nilikuwepo, nimesimama ukingoni pamoja na maelfu, nilipiga kelele hadi sauti ikaniisha. Ilikuwa siku nzuri. Hata hivyo nilijiuliza pale pale, nikiwa nimebanwa kati ya wanyonzi wawili, yaani waendesha baiskeli za abiria, waliokuja na baiskeli zao za kazi: hawa wanarudi wapi wiki ijayo? Wanarudi ukingoni mwa barabara, kati ya basi na mtaro. Jiji hili hili lilianzisha siku ya kutokuwa na magari mwaka 2016, na siku hizi hufanyika mara mbili kwa mwezi, asubuhi ya Jumapili. Kwa hiyo uwezo upo, utashi upo, polisi wanajua kuweka vizuizi. Kinachokosekana ni kukubali kwamba baiskeli inastahili mahali pake siku ya Jumanne pia, na mbali na kamera.

Hoja moja ya upande wa pili ninaikubali nusu. Wakazi wa vijiji vya kando ya ziwa, hasa Rutsiro, wana haki ya kutaka gari lifike kwao. Mwanamke anayejifungua usiku hawezi kubebwa kwa machela kilomita nyingi ili mimi nisikie ndege vizuri. Nakubali kabisa. Lakini gari la wagonjwa kufika kijijini ni jambo moja, na njia kufunguliwa kwa kila lori la mchanga ni jambo jingine. Barabara za kutoka lami kushuka hadi kila kijiji zinaweza kuboreshwa, kama vidole vinavyotoka kwenye kiganja, na ile njia inayounganisha ncha za vidole, kando ya maji, ikabaki ya miguu na magurudumu mawili yasiyo na injini. Pikipiki nazo zisipite, na hapo najua nitapoteza marafiki.

Ninaomba mambo ambayo yako ndani ya uwezo wa watu wanaosoma mkusanyo huu. Sisi ni wanafunzi wa Kiswahili katika nchi ambayo Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2017, na ziwa hili ni mahali ambapo Kiswahili hakikungoja sheria. Sokoni Rubavu, bandarini Rusizi, kwenye boti, ndiyo lugha ambayo Mnyarwanda na Mkongomani wanapatania bei. Ila sijapata kuona hata kijitabu kimoja cha Kiswahili kinachomwongoza mtu kwenye njia hii, kinachomwambia hapa ni Shangi na hapa palitokea nini, hapa fundi wa baiskeli anaitwa nani na ana tyubu za saizi gani, hapa mteremko una kokoto na shuka ukitembea. Kuandika kijitabu hicho si kazi ya wizara. Ni tasnifu za watu wanne wa mwaka wa tatu, mmoja kwa kila kipande, badala ya tasnifu ya ishirini kuhusu matumizi ya methali katika riwaya ile ile.

Na kwa idara yetu nina ombi moja. Ziara ya mwaka huu ni ya Karongi na Bisesero, na basi limeshapangwa. Liende. Libebe mizigo, maji, chakula, na wote wasioweza au wasiotaka kupanda mlima. Wengine tutoke Rubavu siku tatu kabla, kwa njia ya udongo, tuwakute Karongi jioni, na kesho yake tupande pamoja. Nimezungumza na fundi mmoja mwenye baiskeli 12 za kukodisha, zenye gia, breki amezibadilisha zote. Karatasi ya kujiandikisha iko kwenye ubao wa matangazo, karibu na mlango wa maktaba. Hadi ninapoandika ina majina 7, matatu ya wasichana, na nafasi ya mhadhiri bado iko wazi.